Shingo ya Delbert na Barua ya Rufaa

Benchi lenyewe ni la kanisani. Waluteri wa mji wa Brandholt walipofunga kanisa lao la kaskazini kila mtu aliondoka na alichoweza kubeba, na ghala la nafaka la ushirika likajipatia benchi moja la mwaloni, la kukalisha watu watano wanene au saba wenye adabu. Limewekwa ukutani, chini ya dirisha la mizani, pale malori ya mahindi yanapopimwa, na kando yake kuna birika la umeme lenye kahawa nyepesi kiasi kwamba ukiinamia kikombe unaona kitako chake. Mwezi wa nne mashamba yote ya sehemu hii ya Iowa ni matope ya kumeza trekta. Hakuna anayepanda, hakuna anayelima, na mkulima asiye na la kufanya hakai nyumbani akamchosha mke wake. Anakuja kijiweni awachoshe wenzake. Hapo ndipo shingo ya Delbert Huisman ilipojadiliwa Jumanne moja, tangu saa tatu asubuhi, na watu ambao hakuna hata mmoja aliyesomea shingo.

Delbert aliingia akaketi mwisho wa benchi, upande wa mlango, bila kusalimia. Alikuwa na miaka sabini na miwili, na kijiwe kizima kilimwita Maziwa, kwa kuwa alikamua ng'ombe miaka arobaini na minne mfululizo kabla ya kuuza zizi na kuhamia nyumba ndogo mjini. Kwenye mfuko wa shati lake kulikuwa na bahasha nyeupe, nzito, iliyofungwa kwa gundi. Alikuwa nayo tangu Ijumaa. Na kichwani mwake alikuwa na miadi, ya saa nne na nusu asubuhi hiyohiyo, ambayo hakuwa amemwambia mtu.

— Maziwa, mbona umenuna? Nani kafa?

Huyo ni Redio. Jina lake halisi ni Leroy Kessel, na alisambaza barua za wilaya nzima kwa miaka thelathini. Hajawahi kufungua bahasha ya mtu, lakini kwa kuzitazama kwa nje tu alijua nani anaumwa, nani anapendwa na nani anahama.

— Hajafa mtu, alisema Delbert. Karin amenikataa.

— Karin yupi?

— Daktari Karin. Oltmann.

Donati ikasimama njiani kuelekea mdomoni mwa Shemasi. Shemasi ni Arnold Tvedt, mtu mrefu, mpole, aliyehesabu sadaka za kanisa lile mpaka likafungwa, na ambaye hadi leo haanzi kula donati ya kijiweni bila kuiombea.

— Amekukataa vipi? Akina Oltmann hawakatai mtu.

— Ijumaa nimelala kwenye meza yake, kifudifudi, uso kwenye lile tundu. Nimeshafumba macho nasubiri mlio. Akaniwekea vidole shingoni. Akatulia. Akavitoa. Akasema, "Delbert, amka ukae."

— Amka ukae? Redio alirudia, kama mtu aliyeambiwa kuna theluji mwezi wa saba. Bila kukunyoosha?

— Bila hata kunigusa tena.

Msomaji asiyetoka huku anaweza kuona ni jambo dogo. Si dogo. Brandholt inanyooshwa mgongo na ukoo wa Oltmann tangu enzi za babu, akaja mtoto, na sasa mjukuu, wote wamesomea Davenport, kwenye chuo cha wanyoosha migongo, wote wamerithi meza ileile ya ngozi ya kahawia. Kila masika kabla ya kupanda watu hupanga foleni pale kama wanavyopanga foleni ya mbegu. Unalala, unashikwa, unasikia mlio, unaamka mpya. Mtu akiwa na mafua ananyooshwa. Mtu akigombana na mkwewe ananyooshwa. Delbert alinyooshwa shingo mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na mitano, na alikuwa amekwenda Ijumaa kwa moyo mweupe kabisa, kama mtu anayekwenda kwa kinyozi.

— Si amekupa sababu? Sauti ilitoka juu yao, dirishani. Hiyo ni ya Mizani, yaani Lois Pruett, mama wa mizani ya malori, ambaye huchungulia kijiwe kutoka kwenye kidirisha chake na kutupa neno kila anapotaka. Au ulimwudhi?

— Sijamwudhi. Aliniuliza maswali kwanza. Maumivu yalianza lini. Vidole vya mikono yote miwili au mmoja. Kama vinavimba, kama vina moto. Halafu akanipiga picha ya shingo, nimeinama, kisha nimeinua kichwa. Akaziweka kwenye taa.

— Akaona nini?

Delbert alivuta pumzi. Maneno ya Karin alikuwa ameyashika karibu yote, na hilo ndilo lililomsumbua. Angependa sana kuwa hakuelewa.

— Akasema watu wa rika letu maungio yanachakaa, na yakichakaa tu yeye anayashughulikia, ndiyo kazi yake ya kila siku. Ila yangu si kuchakaa. Anadhani ni baridi yabisi. Mwili unajishambulia wenyewe, unakula maungio. Na huku juu, mfupa wa kwanza wa shingo na wa pili, kano zinazoifunga zimelegea. Akasema akisukuma pale anaweza kuniua, au kuniacha nimepooza. Akaandika barua ya rufaa, niende kwa bingwa, hospitali kubwa ya chuo kikuu. Damu ipimwe, shingo iangaliwe vizuri. Akapiga simu yeye mwenyewe mbele yangu.

— Kwa hiyo anakufukuza, alisema Redio.

— Amesema hanifukuzi. Mabega, magoti, mazoezi ya vidole, hayo tutaendelea. Shingo tu ndiyo haigusi yeye wala mtu mwingine yeyote, mpaka bingwa aseme.

— Ala! Fundi akikwambia gari lako atalitengeneza lote isipokuwa injini, huyo amekufukuza. Ni adabu tu inamsumbua.

Delbert alisikia sindano zikitembea mkono wa kushoto, kuanzia begani kushuka mpaka kidole cha mwisho, kama zilivyofanya usiku kucha. Aliogopa. Alikuwa mtu aliyewahi kulala zizini na fahali mgonjwa bila kuogopa, na sasa aliogopa kitu kilichokuwa ndani ya kola yake mwenyewe.

— Mimi nawaambia ukweli, Redio akaendelea, na alipokunja mguu mmoja juu ya mwingine kijiwe kilijua safari inaanza. Ile hospitali imewanunua. Hawa wanyoosha migongo wote wa huku kando ya mto. Kila shingo wanayopeleka kule wanapewa kiti cha mbele kwenye mechi ya mpira ya chuo kikuu chao, mstari wa katikati kabisa. Mmemwona Karin vuli iliyopita? Alikuwa kwenye televisheni, na kofia ya manjano ya timu yao!

— Yule alikuwa amekaa juu kabisa, karibu na mawingu, alisema Mizani. Nilikuwa naye.

— Vuli iliyopita, ndiyo. Subiri vuli hii, baada ya shingo ya Maziwa.

Shemasi alifuta sukari mdomoni.

— Usimseme vibaya mtoto wa watu, Leroy. Tatizo si hospitali. Tatizo ni mkono. Babu Oltmann alikuwa na mkono. Mwanawe alikuwa na nusu ya mkono. Huyu binti ana cheti.

— Mkono haurithiwi?

— Ungerithiwa, kama mzee asingeutumia kwa farasi.

— Farasi gani tena?

— Farasi wa baba yangu, yule mkubwa wa Ubelgiji. Alianguka mtaroni, akawa anatembea kiupandeupande kama kaa. Babu Oltmann akaja na ngazi. Akapanda ngazi, akamkumbatia shingo, akamsokota mara moja. Mlio ulisikika mpaka kwenye shule. Farasi akanyooka, akaishi hadi miaka thelathini na mmoja. Lakini mzee mwenyewe alimwambia baba yangu, "Tvedt, nimemwachia mengi mno huyu."

— Kwa hiyo ule mkono alizikwa nao farasi, alisema Redio, taratibu, akitafuna wazo.

— Kwenye shamba la Hinrichs. Pale mahindi yanapoota marefu.

— Jamani! Mizani akagonga fremu ya dirisha. Mnakwenda mbali na kitu kipo hapo nje mnakitazama. Mitambo ya upepo! Waliisimamisha lini kule kilimani?

— Miaka mitatu.

— Na Maziwa alianza kuumwa lini?

Delbert akawaza. — Kama miaka mitatu.

— Eeh! Ile mitambo, panga zake zinazunguka kulia. Nendeni mkaangalie, zote kulia. Na akina Oltmann wanakunyoosha kuelekea wapi? Kushoto! Mimi wananigeuza kushoto tangu nikiwa msichana. Sasa wewe unageuzwa kushoto nusu saa, unatoka nje, ile mitambo inakurudisha kulia siku nzima. Shingo ikilegea utamlaumu nani? Hata skrubu ukiifanyia hivyo inalegea.

Hata Delbert, pamoja na woga wake, aliona kuna ustadi ndani ya upuuzi ule.

— Na mwenye mitambo ni nani? Redio akauliza, akiinamia mbele.

— Kampuni ya umeme.

— Ndivyo wanavyoandika kwenye bahasha. Mimi nimepeleka barua zao. Kampuni ya umeme inamuuzia nani umeme mwingi kuliko wote? Hospitali! Ghorofa nane, taa usiku na mchana. Sasa unganisha mwenyewe. Wanakulegeza shingo kwa upepo, Karin anakuandikia rufaa, unafika kule wanakufunga skrubu, umeme unatumika, mitambo inazunguka zaidi. Ni mduara, bwana. Huwezi kutoka.

— Mimi ningejaribu zabibu kwanza, alisema Shemasi. Zabibu kavu tisa kila asubuhi, zilizolowekwa kwenye pombe ya jini.

— Shemasi na jini!

— Jini inakauka. Inabaki zabibu.

— Na inakauka kupitia wapi?

— Kaka yangu alikuwa anapulizia magoti mafuta ya bawaba, Mizani akasema. Alitembea vizuri tu. Hakuna aliyeweza kukaa naye chumba kimoja, lakini alitembea.

Wakacheka, na Delbert akacheka nao, kwa mdomo tu. Saa ya ukutani juu ya mizani ilionyesha saa nne kasoro dakika tano. Alitaka waendelee, kwa sababu wakiendelea muda unapita bila yeye kuamua. Alitaka pia wanyamaze, mmoja wao amtazame usoni aseme neno moja la maana, liwe ndiyo au hapana. Mwishowe akaitoa ile bahasha mfukoni, akaiweka juu ya goti lake, ili angalau waone kwamba ni kitu cha kweli.

Redio aliichukua kwa ncha za vidole, akaitazama mbele kwa jicho la kazi.

— Karatasi tatu ndani. Na picha. Mwandiko wake mzuri, hakuandika kwa haraka. Idara ya magonjwa ya viungo. Akakunja uso. Nakwambia kitu, Maziwa, na sisemi kwa utani. Kule mtu anaingia kwa miguu yake, na wewe unamsubiri chini na koti lake mkononi. Unasubiri na koti.

Hakumaliza. Mizani aliondoka dirishani kidogo, akajifanya anatafuta kalamu. Wote walijua koti hilo lilikuwa la Norma, mke wa Redio, na kwamba ilikuwa hospitali hiyohiyo, mwaka juzi, na tangu hapo Redio hajapita upande ule wa jimbo hata kwa mazishi ya binamu yake. Shemasi akammiminia kahawa bila kuulizwa. Redio akainywa, akaiweka bahasha kwenye benchi kati yao, kifudifudi.

— Basi nyie mngefanya nini? Delbert akauliza. Alikusudia liwe swali la kawaida, ila sauti ilimtoka ndogo. Niambieni. Mkiwa mimi.

— Kuna yule Krull, alisema Shemasi baada ya kufikiri. Wa ng'ambo ya mto, wa Illinois. Si kila Jumanne anaweka meza yake pale kwenye mnada wa ng'ombe?

— Krull hana maswali, Redio akadakia, amefurahi kurudi kwenye mambo yanayosemeka. Hapigi picha. Hakuulizi hata jina. Unalala, anakusokota, unaamka. Wiki iliyopita amenyoosha watu kumi na wanane kati ya ng'ombe wa kwanza na wa mwisho kuuzwa.

— Mimi nina miadi naye, Delbert akasema. Leo. Saa nne na nusu.

Wakageuka wote.

— Na ulikaa kimya!

— Mnada uko hapo tu. Mitaa minne. Nimeona, hata kama Karin ana sababu zake, miaka hamsini na saba shingo hii inageuzwa na sijafa.

— Huo ndio ushahidi, Redio akasema. Miaka hamsini na saba! Mahakama gani ingehitaji zaidi?

— Amesema zamani kano zilikuwa nzima, Delbert akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa neno upande wa pili kwa ajili ya haki tu. Sasa ndiyo zimeliwa.

— Krull atazivuta zirudi. Nitakuja nawe. Nataka kuusikia huo mlio mimi mwenyewe.

— Nami nitakuombea, alisema Shemasi. Kwa ufupi, kama ninavyoombea donati.

Kwa hiyo likapita, kama hoja mkutanoni. Delbert aliona ajabu jinsi jambo linavyopita kirahisi watu wakiwa wanakupenda. Maana walimpenda, hilo hakuwa na shaka nalo. Hawa watu walimvunia mahindi yote mwaka ule alipovunjika nyonga, mashine sita kwa siku moja, na hakuna aliyetaja tena. Na sasa walikuwa wanampeleka kwa Krull huku wanacheka, na yeye alikuwa anakwenda. Saa ilisoma nne na dakika kumi na tano. Akaanza kujikusanya kuinuka, jambo ambalo siku hizi lilikuwa na hatua kadhaa.

Nje, breki za lori zikalia. Lori la mbegu lilikuwa limepanda kwenye mizani, lenye namba za Nebraska, na mlango wa ghala ukafunguliwa na mwanamke wa miaka kama hamsini, buti zimejaa matope, makaratasi kwapani.

— Habari za asubuhi, wazee. Mahindi ya mbegu, magunia mia sita. Nani anatia sahihi?

— Ni mimi, lakini shehena iliyotangulia bado iko kwenye jukwaa la kushushia, Mizani akamjibu. Dakika ishirini. Jipatie kahawa, mama. Jina lako nani?

— Ramona. Akajimiminia, akainusa, akaitazama tena. Hii ni kahawa au ni maji yaliyopita karibu na kahawa?

Redio alimpenda papo hapo.

— Keti, Ramona. Wewe hutoki huku, huna upande. Tuamulie. Na kabla mtu hajamzuia akamweleza kila kitu: Karin, vidole, picha, baridi yabisi, viti vya mpira, farasi, mitambo inayozunguka kulia, zabibu. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, na Krull akamweka mwishoni, kama mtu anayeleta nyama. Ramona alisikiliza amesimama, akinywa kahawa ile kwa subira. Alimtazama Delbert mara moja, mikononi, si usoni. Kisha akaiokota bahasha iliyokuwa kifudifudi kwenye benchi na kusoma nyuma yake, ambako karani wa Karin aliandika kwa penseli.

— Alhamisi, saa tatu na robo, alisoma. Lango la kusini. Napajua. Kutoka hapa ni maili themanini na kitu, saa moja na nusu barabara ikiwa nzuri, na pale kwenye daraja wanatengeneza, ongeza robo. Akaigeuza bahasha, akamrudishia Redio, maana ndiye aliyekuwa karibu. Nani anampeleka?

Halikuwa swali gumu. Ramona aliuliza kama dereva anavyouliza: mzigo uko hapa, unatakiwa kule, nani anaendesha. Lakini Mizani alifunga mdomo uliokuwa umeshafunguka. Shemasi aliitazama donati yake kama ndiyo iliyoulizwa. Kwa zaidi ya saa nzima walikuwa wameizungusha shingo ya Delbert pande zote, wakaihusisha na umeme na farasi na timu ya mpira, na hakuna aliyekuwa amefika kwenye gari. Delbert alisubiri mmoja wao aseme upuuzi wowote; hiyo ndiyo kazi ya benchi. Akahakikisha hamtazami Redio, kwa sababu asingeweza kumwomba mtu huyo, hasa huyo, safari hiyo hasa.

— Nilikuwa nijipeleke mwenyewe, alisema mwishowe.

— Basi jipeleke, Ramona akasema kwa upole.

— Siwezi.

Likatoka. Na likiisha kutoka moja, mengine hayana breki.

— Siwezi kugeuza kichwa. Ijumaa natoka kwa Karin, pale njia panda ya kiwanda cha siagi, sikuona kushoto wala kulia. Nikaingia barabarani kwa kukisia. Lori la nguruwe likanipita hapa, hapa! Niliona pua za nguruwe. Nikaliacha gari kando, nikatembea mpaka nyumbani. Mpaka sasa gari liko kulekule.

— Delbert! Mizani akasema. Hakuwa amemwita jina hilo kwa miaka. Kwa nini hukutuambia?

— Mngesema ni mitambo ya upepo.

Mizani hakucheka. Alikuwa ameegemea kidirisha kwa viwiko vyote viwili, macho yamemlowa.

— Ndiyo maana ya Krull, Delbert akasema. Si kwamba namwamini. Ni kwamba naweza kumfikia kwa miguu.

Alisema hivyo akashangaa, kwa kuwa mpaka sekunde ile hata yeye mwenyewe hakuwa amejua. Siku nne zote aliamini anabishana na Karin. Kumbe hakuwa na ubishi naye. Yule binti alikuwa amemwambia kweli na akampigia simu, na alichokosa yeye ni ulimi wa kusema nipelekeni.

Redio alikuwa bado ameshika bahasha. Aliisoma nyuma, kwa muda mrefu kuliko maandishi yaliyokuwapo. Kisha akampa Delbert.

— Tatu na robo, alisema. Na daraja. Tutoke saa moja na dakika kumi.

— Leroy, si lazima uwe wewe. Arnold ana gari zuri.

— Arnold anaendesha kama anasindikiza maiti. Najua njia mimi.

— Na Krull? Shemasi akauliza. Anakusubiri.

— Krull ana ng'ombe wa kutosha, alisema Delbert.

Redio alikwishachomoa kalamu na alikuwa anaandika kwenye kiganja chake, kama alivyozoea enzi za barua.

— Saa moja na dakika kumi niko mlangoni. Sitapiga honi. Ukute umeshavaa.

Delbert akaitazama mikono yake juu ya magoti. Vifundo vilikuwa vimevimba, vyekundu, vyote kwa pamoja, kulia na kushoto. Aliona kwamba bado kuna jambo moja halijasemwa, na kwamba akiliacha ndani sasa litabaki ndani.

— Kuvaa ndiyo shida, Leroy. Asubuhi vidole havikunjuki. Saa nzima, wakati mwingine zaidi. Vifungo vinanishinda. Hili shati nimelala nalo tangu Jumapili.

Ramona alienda kuangalia lori lake, ambalo halikuhitaji kuangaliwa. Redio alilitazama lile shati, kola mpaka kiunoni, kifungo kimoja baada ya kingine. Kwa mara ya kwanza tangu benchi lile lilipotoka kanisani, alichukua muda kabla ya kusema.

— Basi nitakuja saa kumi na mbili, nikufunge vifungo.

— Shati tu, alisema Delbert.

— Shati tu. Suruali ni kazi ya Shemasi.

Delbert akacheka, polepole, akiishikilia shingo yake kwa mikono yote miwili.